Mume Aliyekwisha Kuchomwa

Kesini alikuwa ameinama juu ya gurudumu, mikono imezama kwenye udongo, pale jirani yake Maluti alipoingia uani mbio bila hata kubisha.

"Kesini wee, acha hiyo kazi! Mumeo yuko nje ya uzio."

"Mume gani?"

"Kwani unao wangapi? Yule yule mliyemchoma!"

Chungu kilichokuwa kikiinuka mikononi mwa Kesini kikapinda, kikalala upande. Maluti ni mtu wa mzaha, hata msibani hakosi neno la kuchekesha waliofiwa, lakini siku ile midomo ilikuwa imemkauka na macho yamemtoka. Kesini akalisimamisha gurudumu kwa mguu. Hakuuliza tena.

Hapa inabidi jambo lielezwe vizuri, maana watu wa mbali wakikisikia kisa hiki hudhani sisi wa Videha hatuna akili. Bhaluka, mume wa Kesini, alikuwa mfinyanzi. Mwaka mmoja alipakia vyungu kwenye chelezo pamoja na wenzake, wakateremka na mto Gandaki kwenda kuuza. Mto ukafura, chelezo kikavunjika, na waliookoka wakarudi wakisema wamemwona akizama. Mwili haukupatikana. Familia ikangoja, mvua zikanyesha na kupita, zikaja nyingine nazo zikapita. Mwishowe wakafanya kama tunavyomfanyia mtu aliyefia mbali bila kuacha hata mfupa. Walikata vijiti vya mti wa palasha, wakavifunga kwa sufu vikawa na kichwa, mikono na miguu, wakamlaza mtu huyo wa vijiti juu ya kuni. Revata, mdogo wake Bhaluka, ndiye aliyewasha moto. Sharvila, kuhani wa kijiji, ndiye aliyesoma maneno ya kumsindikiza. Mama mtu, bibi Dhanisha, alilia mpaka sauti ikakatika. Kuanzia hapo jina Bhaluka halikutajwa tena katika ua ule, kwa sababu ukimwita marehemu kwa jina ni kama kumvuta nguo naye yuko safarini.

Sasa mtu aliyekwisha kusindikizwa namna hiyo hawezi tu kurudi akasukuma lango na kuomba uji. Ni nani huyo aliyerudi? Kama roho yake ilikwisha kupelekwa kwa mababu, kilicho ndani ya mwili huo ni nini?

Lakini si hayo yaliyomfanya Kesini asimame pale na udongo ukimkaukia mikononi. Kesini alikuwa na hofu yake mwenyewe, hofu ya zamani, wala haikuhusu mizimu.

Aliolewa katika nyumba ile akiwa bado msichana mdogo. Bhaluka alikuwa fundi hodari na alikuwa na mkono mwepesi. Chungu kikipasuka tanurini, kosa ni la Kesini aliyekanda udongo. Wali ukiungua, kofi. Wali usipoungua, atatafuta lingine. Alimpiga akiwa amenyamaza, wala hakuwa mtu wa kufoka, na majirani wakawa wanamsifu kwa upole. Kesini akajifunza kutembea ndani ya nyumba kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Mume alipokufa, au tuseme alipochomwa, Kesini alilia kama inavyompasa mjane, kisha akavua mapambo yake. Siku chache baadaye akakaa kwenye gurudumu ambalo hakuwahi kuruhusiwa hata kulifuta vumbi. Watu wakacheka. "Mjane anataka kufinyanga! Kesho atataka kutahini makuhani!" Vyungu vyake vya kwanza vilikuwa vya kuchekesha kweli, vimekaa upande kama walevi. Vya baadaye vikapikia kijiji kizima. Alikula alichokifinyanga, alimtunza mama mkwe wake aliyeanza kupungukiwa na macho, na akalala usiku mzima bila kushtuka. Ndio maisha aliyokuwa nayo asubuhi ile, na hakuwa na hamu ya mengine.

Nje ya uzio watu walikuwa wamejaa, wanaume na fimbo, wanawake na viganja vimejaa haradali ya kutupia mzimu. Karibu na rundo la vigae alikuwa ameketi mwanamume mmoja mwembamba, nywele zimeota mvi, uso umechimbwachimbwa na ndui hata pua yake haikuwa ile ya kuzaliwa. Kesini akamtazama. Hakumjua. Ni kweli kabisa, hakumjua, na moyo ukashuka mahali pake. Akajisemea, huyu ni tapeli tu, asante miungu.

"Niachieni!" Bibi Dhanisha alikuwa akipiga kelele. Revata alikuwa amemkamata kiunoni. "Niachie wewe, ni mwanangu! Nimesikia anavyotembea!"

"Mama, usimguse. Ukigusa mzimu unakwenda nao."

"Nitakwenda, kwani nimebakiwa na nini hapa?"

Revata akamkabidhi mama yake kwa wanawake, akamsogelea Kesini na kuzungumza huku akiangalia pembeni. "Shemeji, hapa ni neno lako tu. Kuhani akikuuliza, sema humjui. Wala hutakuwa umesema uongo, hebu mwangalie alivyo. Mimi nabaki mkubwa wa nyumba, wewe unabaki na gurudumu lako. Yakiwa mengine, unajua mwenyewe gurudumu litakuwa la nani."

"Nyamaza, kuhani anakuja."

Sharvila hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa amesomea msituni kwa miaka mingi, kwa walimu wanaokaa chini na kuulizana mtu ni nini hasa: ni mwili, ni pumzi, ni akili, au ni kitu kingine kinachoviangalia vyote hivyo. Alirudi kijijini akiwa na maswali mengi kuliko alivyokwenda, na watu walimheshimu ingawa nusu ya maneno yake hawakuyaelewa. Akaketi mbali kidogo na yule mtu, kwa umbali wa mkuki.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Bhaluka." Sauti yenyewe ilikwaruza, ndui ilikuwa imemharibu hata koo.

"Bhaluka ni jina. Jina hilo tulilipeleka kwa mababu mbele ya moto. Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mwana wa Dhanisha. Nilitoka tumboni mwake."

"Mwili wa mwana wa Dhanisha ulikuwa mnene, na uso laini. Hapa hakuna anayeuona."

"Niliugua! Waliniokota watu wa msituni huko chini, nikachunga ng'ombe wao mpaka nikapata nguvu ya kutembea. Nakumbuka kila kitu, mwalimu. Nakumbuka tanuri liko upande gani. Nakumbuka mama alikuwa akinipa maziwa ya mgando na asali."

"Aliyezama anaweza kumsimulia mwenzake kabla hajazama, na mwenzake akayabeba maneno mpaka hapa. Kumbukumbu ni mzigo. Mimi namtafuta aliyeubeba."

Minong'ono ikapita kwa watu. Yule mtu alikuwa amechoka, ametembea jua zima, na anaulizwa maswali ambayo hata mtu aliyeshiba asingeyajibu. Akaangalia chini. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mara mbili, cha kusafisha koo.

Mabega ya Kesini yakapanda yenyewe. Shingo ikajikunja, kiwiko kikainuka kukinga uso. Hakuna aliyemgusa, na yule mtu alikuwa ng'ambo ya uzio wala hakumwangalia. Ndivyo alivyokohoa Bhaluka sikuzote, mara mbili, kabla ya kuinua mkono.

Hasira zikampanda. Alijichukia. Uso hakuutambua, sauti hakuitambua, akili yake ilikuwa tayari imemkana, kumbe kulikuwa na kitu ndani yake kilichomjua yule mtu kabla ya macho.

"Hakuna anayeweza kumwona yule aliye ndani ya mwenzake," Sharvila alikuwa akisema. "Hata mwenyewe hajioni, maana ndiye anayeona. Kwa hiyo desturi inatuambia tumuulize aliyelala naye nyumba moja. Mjane wa marehemu, njoo."

Kesini akasogea. Revata alikuwa akimkazia macho. Neno moja tu. Wangemfukuza kwa fimbo na haradali, angekwenda kufia mbele ya safari, na asubuhi Kesini angeamka akande udongo wake. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Halafu akamwona bibi Dhanisha. Bibi kizee alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, hewani, kama mtu anayepapasa mlango gizani, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Ni yeye," akasema Kesini.

"Unakula kiapo?"

"Nimesema ni yeye! Mnataka nini tena?"

Akageuka, akaingia ndani, na hakuna aliyemwona mpaka jioni.

Kwa mtu aliyechomwa akarudi, kwetu kuna njia moja tu. Azaliwe upya. Hutengenezwa mtungi mkubwa wa kumtosha mtu mzima akijikunja, ukajazwa maji ya vuguvugu na samli, naye akaingia humo na kukaa kama mtoto tumboni, ngumi zimefumbwa, bila kusema neno. Kuhani husoma maneno yanayosomwa kwa mama mjamzito. Akitoka, amezaliwa. Hulambishwa asali, mama humpa jina, naye huwaamkia wakubwa wake kwa kuwagusa miguu, na asipofanya hivyo hajazaliwa. Ndipo anapoozwa tena mke wake, wakiuzunguka moto wa ndoa. Na mtungi ukipasuka akiwa ndani, basi tumbo limemkataa, alikuwa mzimu tangu mwanzo, na hufukuzwa.

Haya, mfinyanzi wa kijiji ni nani? Ni Kesini. Mtungi wa kumzaa mumewe akaagizwa yeye.

Wakati wote huo yule mtu aliwekwa kibandani nje ya uzio. Alipelekewa chakula kwenye jani, likawekwa chini, na aliyepeleka akaondoka bila kumsemesha, kwa kuwa mtu ambaye hajazaliwa hasemeshwi. Kesini akachimba udongo, akauchuja, akaukanda kwa miguu. Mtungi wa ukubwa ule haukai kwenye gurudumu, hujengwa pole pole, duara juu ya duara, ukipigwa kwa kibao. Alijenga huku amekunja uso, na Maluti, aliyezoea kuja kupiga soga, akapitisha kichwa langoni mara moja tu.

"Bi harusi! Mara mbili kwa bwana yule yule! Wengine hata wa kwanza hatujamaliza kumjutia."

"Maluti, leo sina nafasi ya maneno yako."

"Haya mama, nimeondoka."

Revata ndiye aliyekuja kwa kunyemelea. Akauzunguka mtungi, akaugonga kwa kidole kama anayenunua. "Mzuri. Mzuri mno. Shemeji, hivi nikuulize, udongo ukibaki na hewa ndani ya ukuta wake, si hupasuka?"

"Unajua vizuri, huna haja ya kuniuliza."

"Tanurini au baadaye?"

"Hewa ikiwa nyingi, tanurini. Ikiwa kidogo tu, hupata ufa usioonekana. Ukijazwa maji ya moto na uzito ndani, hapo ndipo huachia."

"Basi mimi sijasema kitu," akasema Revata. "Mungu mwenyewe ndiye anayejua tumbo gani limkubali nani." Akaondoka akipiga mluzi.

Kesini akabaki na donge la udongo mkononi. Nani angejua? Kidole gumba tu, akibonyeze pale karibu na kitako, kisha apake juu. Wala hangekuwa amemuua mtu. Akabonyeza. Kidole kikaacha kishimo. Akakiangalia kishimo kile mpaka aliposikia fimbo ya mama mkwe wake ikigonga ardhi nyuma yake. Kwa haraka akajaza udongo, akaupigapiga kwa kibao mpaka ukakaza, hewa yote ikatoka. Alifanya kwa kushtuka, na baadaye hakukifungua tena.

Bibi Dhanisha akakaa chini, akaegemea ukuta. Kibao kikaendelea kulia, pa, pa, pa.

"Kesini."

"Naam, mama."

"Alikuwa akikupiga sana."

Kibao kikasimama. Miaka yote ile, na leo ndiyo siku ya kusema! "Kwani ulikuwa unasikia?"

"Ukuta ni wa matope, mwanangu."

"Ulikuwa unasikia, na asubuhi unaniambia niongeze chumvi kwenye mchuzi."

"Nilikuwa namwogopa na mimi." Bibi kizee alisema kwa sauti ndogo. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nilidhani ndivyo nyumba zilivyo."

"Mama, tafadhali, niache nifanye kazi," akasema Kesini, na kama angesema neno moja zaidi angepiga mayowe. Alikuwa amesema ukweli kwa ajili ya mwanamke huyu. Alikuwa amejitia kitanzi kwa ajili yake.

Mtungi ulipotoka tanurini, mwekundu, mzima, Sharvila alikuja kuukagua. Akaupapasa ndani na nje, akaridhika. Kesini akamzuia asiondoke.

"Mwalimu, nina swali. Ulisema aliye ndani ya mtu hachomeki."

"Hachomeki, halowi, haoni uzee."

"Na aliyoyatenda? Yale aliyonitenda mimi, yaliteketea na vijiti, au amerudi nayo?"

Sharvila akamwangalia vizuri. Sidhani kama aliwahi kumwangalia kabla ya hapo. "Matendo hayaungui. Humfuata mwenyewe kokote aendako, mwili huu au mwingine. Kila mtoto huzaliwa na ya kwake."

"Basi atatoka humu nayo yote."

"Nayo yote."

"Na mimi niliyetendwa? Mimi niko wapi katika mafundisho hayo?"

Kuhani akafikiri, akakuna ndevu. Hakujaribu kumdanganya. "Walimu wangu walizungumza sana juu ya anayetenda. Juu ya anayetendwa sikuwasikia. Sijui, mama."

"Na siku ile nikikataa kuozwa?"

"Hajawahi kutokea mwanamke aliyekataa. Ukikataa, wewe si mke wa mtu yeyote katika ua huu, wala mume wako hajafa hata uitwe mjane. Itakubidi uondoke. Uende wapi? Kwenu walikwisha kufa." Akashusha pumzi. "Fikiri vizuri."

Kama alikuwa na kitu kingine cha kufikiri!

Siku ya kuzaliwa ikafika. Uani pakafagiwa, moto ukawashwa upande mmoja kwa ajili ya ndoa, na mtungi ukasimamishwa katikati. Wanawake wakamvika Kesini nguo nyekundu. Alisimama kama gogo, wakamfunga, wakamfungua, wakamfunga tena. Chini ya mkeka wake ndani alikuwa amefunga kifurushi, nguo moja na kibao cha kupigia udongo. Hadi wakati ule alikuwa hajui kama miguu yake itauzunguka moto au itatoka langoni. Angeishi vipi nje? Na angeishi vipi ndani?

Yule mtu akaletwa. Akavua, akaingia mtungini, akajikunja. Maji na samli yakapanda mpaka shingoni, kitambaa kikafunikwa juu. Sharvila akaanza kusoma. Watu wote walikuwa wakiuangalia mtungi. Revata alikuwa akiuangalia kwa macho ya fisi, anasubiri mlio. Mara ukasikika, tik, mdogo tu, na watu wakashika vinywa. Ulikuwa mlio wa ukuni uliopasuka motoni. Mtungi ukakaa. Kesini aliusikia moyo wake ukimwambia, laiti kile kishimo, laiti, na wakati huo huo, mjinga yeye, akaona fahari kwamba kazi yake imekaza.

Wakamtoa. Alitoka akiteleza, anameremeta mafuta, ngumi zimefumbwa, macho yamefumbwa. Wakamfuta, wakamfunga nguo nyeupe, wakamtia asali ulimini. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Amezaliwa," akasema Sharvila. "Mama, mpe jina."

Hili lilikuwa la kupita tu. Kila mtu alijua jina. Sharvila alikuwa amekwisha kuugeukia moto wa ndoa, na wanawake wamekwisha kumshika Kesini mikono kumsogeza. Bibi Dhanisha akaweka mdomo sikioni mwa mwanawe, kisha akainua uso na kusema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Anaitwa Navaka."

"Mama," akasema Sharvila kwa upole, "jina ni Bhaluka."

"Bhaluka nilimzaa, nikamlea vibaya, akafia mtoni. Nyinyi ndio mliomchoma, nami nikamlilia mpaka sauti ikakatika. Huyu nimemzaa leo, mbele ya macho yenu. Au hakuzaliwa?"

Sharvila akautazama mtungi. Akisema hakuzaliwa, mtu yule ni mzimu na afukuzwe. "Amezaliwa," akasema hatimaye.

"Leo?"

"Leo."

"Basi niambieni, mtoto wa leo ana mke? Tangu lini? Akikua atatafutiwa."

Kicheko kikamtoka Maluti kabla hajaweza kukizuia, na nyuma yake wengine wawili watatu wakaangua. Revata, ambaye akili yake huamka haraka inapomhusu mwenyewe, akasogea mbele. "Mama kasema kweli. Mtoto wa leo ni mdogo wangu. Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Mama!" Yule mtu alikuwa amefumbua macho. "Mama, mimi ni—"

"Mtoto mchanga hasemi," akasema bibi Dhanisha.

Yule bibi uso alikuwa ameuelekeza pale pale ilikotoka sauti ya mwanawe. "Kesini ni mjane wa mwanangu mkubwa. Nyumba hii ni yake mpaka afe, gurudumu ni lake mpaka achoke. Nilisikia mengi katika nyumba hii nikanyamaza. Leo nimesema. Sasa wewe, Navaka, waamkie wakubwa zako, kama mtoto aliyezaliwa kwa watu."

Yule mtu akawaangalia watu, akaiangalia njia iliyo nje ya lango. Asipoinama, hajazaliwa, na fimbo zilikuwa bado zipo. Kesini alikuwa ameshika nguo yake nyekundu kwa mikono miwili. Mwanamume akainama, akagusa miguu ya mama yake. Akagusa miguu ya Revata, ambaye alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Halafu akabaki amesimama.

"Bado mmoja," akasema mama yake. "Mjane wa kaka yako. Huyo ni kama mama kwako."

Akaja. Alisimama mbele ya Kesini kwa muda ambao ulionekana mrefu kuliko miaka yote waliyoishi pamoja, kisha magoti yakakunjika, akashuka mpaka chini. Kesini akaiona shingo yake nyembamba, na mvi zimeshikana kwa samli. Vidole vikagusa miguu yake. Vilikuwa vya baridi, na havikutoka haraka.

"Kesini," akanong'ona kwa chini, watu wengine hawakusikia. "Nakumbuka yote."

"Na mimi," akasema Kesini.

Aliyeinamiwa lazima ajibu, ndiyo desturi, na watu wote walikuwa wanangoja. Kesini akauinua mkono wake, akaushusha juu ya kichwa kile.

"Haya," akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka langoni. "Ukue vizuri, shemeji."